Kejeli za uwanjani: maelekezo kwa mchezaji anayepandishwa kikosi cha wakubwa

Ukitoka timu ya vijana na kusaini mkataba wako wa kwanza wa ligi kuu, utafundishwa mengi: kukaba kwa eneo, kujipanga kwenye kona, kula, kulala. Kuchokozwa hakuna kipindi chake kwenye ratiba ya mazoezi, ilhali ndiko kunakowatoa chipukizi wengi mchezoni kabla kiwango chao hakijaonekana. Kaka zako kikosini watakuambia "usimsikilize". Ushauri huo hautekelezeki. Macho hayana pazia, na masikio ni hivyohivyo. Utasikia kila neno. Kinachowezekana ni kujua anayekuchokoza anatafuta nini, sheria inasemaje, na mwili wako ufanye nini katika zile sekunde chache za mwanzo.

Anachotafuta

Beki mzoefu hakutukani kwa sababu anakuchukia. Yuko kazini. Anataka upate kadi, au uache kufikiria mpira, au mwamuzi akuone wewe ndiye mkorofi. Kadi ya njano dakika ya 20 inamtosha kabisa, kwa kuwa dakika 70 zinazobaki utaogopa kuingia kwenye mpira wa kugombea, na kocha wako ataanza kukutazama kama mtu wa kutolewa mapumziko.

Ana nyakati zake. Dakika 10 za mwanzo, ili akupime. Wakati wa kona kabla mpira haujapigwa, ambapo atakufinya mbavuni, atakukanyaga vidole, atakushika jezi kiunoni huku akiongea taratibu kama anakusalimia. Mara tu baada ya kukosa bao la wazi. Na pale kocha wako mwenyewe anapokufokea kutoka benchi, maana anajua wakati huo hasira imeshawashwa na mwingine. Maneno yenyewe hayana ubunifu: mshahara wako, bei uliyonunuliwa, mkopo uliotoka, mama yako. Ukishajua kwamba orodha ni ileile kwa kila mgeni, nusu ya ukali wake imeisha.

Jambo la kuelewa vizuri kuliko yote ni jicho la mwamuzi. Jicho hilo linafuata mpira. Kitendo cha kwanza, cha kufinya au kutukana, hufanyika mbali na mpira na bila mkono kupanda juu. Kitendo cha pili, yaani jibu lako, huja na mkono, mguu au kichwa kinachosogea, na chochote kinachosogea ghafla huvuta macho ya mwamuzi, ya mshika kibendera na ya kamera. Ndiyo maana anayejibu ndiye anayeadhibiwa.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa David Beckham, Juni 30, 1998, Saint-Étienne, England dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia. Diego Simeone alimchezea rafu kwa nyuma, akamwangusha kifudifudi. Beckham akiwa bado chini alirusha teke dogo, la kumgusa tu. Mwamuzi alikuwa hatua chache kutoka hapo. Kadi nyekundu dakika ya 47, England ikacheza pungufu muda wote uliobaki, ikatolewa kwa penalti. Simeone alikiri baadaye kwamba alianguka kwa kukuza mambo. Kukiri huko hakukuirudisha kadi mfukoni.

Usidhani hata hivyo kwamba mchokozi huondoka bure. Kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2006 Berlin, Zinedine Zidane wa Ufaransa alitolewa dakika ya 110 kwa kumpiga kichwa Marco Materazzi wa Italia kifuani. FIFA ilimfungia Zidane mechi 3 na kumtoza faini ya faranga 7,500 za Uswisi; Materazzi naye, kwa maneno tu, alifungiwa mechi 2 na kulipa faranga 5,000. Tofauti ni kwamba Materazzi alilipa baada ya kubeba kombe.

Sheria ya 12, kwa maneno ya kawaida

Soma mwenyewe Sheria ya 12 ya mpira wa miguu, ile ya makosa na mwenendo mbaya, wala si ndefu. Kwa suala hili unahitaji kukumbuka hivi. Kadi nyekundu ya moja kwa moja ni kwa lugha au ishara ya matusi, ya kudhalilisha au ya kuudhi, kwa kumtemea mtu mate, kumuuma, na kwa kumpiga. Ukimpiga mtu kichwani au usoni kwa mkono wakati hamgombei mpira, ni nyekundu, isipokuwa kama nguvu yenyewe ni hafifu kiasi cha kutohesabika. Usitegemee hilo la mwisho. Anayeamua uzito wa kofi ni mwamuzi, na yule mwenzako atakuwa tayari yuko chini ameshika uso.

Kadi ya njano ni kwa mambo kama haya: kuonyesha kutoheshimu mchezo, kumpigia mpinzani kelele ili kumpoteza wakati wa mchezo au mpira unapoanzishwa, kushangilia kwa uchokozi au dhihaka, na kuugusa mpira makusudi baada ya filimbi ili kuzua ugomvi. Hii ya kuugusa mpira inawakamata sana vijana. Mmefunga, bado mko nyuma kwa bao moja, unakimbilia wavuni kuuchukua mpira, kipa anaukumbatia, mnavutana, wanakuja wengine, na wewe uliyekuwa na haraka ndiye unayepoteza dakika 2 na kupata njano. Uache mpira. Muda wa ushangiliaji na ucheleweshaji hufidiwa na mwamuzi kwenye dakika za nyongeza.

Tena njano ni akiba inayoliwa polepole. Katika Ligi Kuu Tanzania Bara kadi 3 za njano zinakunyima mechi inayofuata. England ni kadi 5 katika mechi 19 za mwanzo. Mchezaji anayekula njano moja kwa mdomo wake atakuja kuikosa siku atakapohitaji kumkata mtu anayekwenda kufunga.

Na usihesabu kwamba kisichoonwa na mwamuzi kimepita. Penye VAR, yaani waamuzi wanaotazama video, kitendo cha kadi nyekundu ya moja kwa moja huangaliwa upya hata kama kilifanyika mbali na mpira. Pasipo VAR kuna taarifa ya kamisaa wa mechi, picha za televisheni, na kwa ligi yetu kuna Kamati ya Saa 72, inayopitia matukio ya mechi. Mwaka 2015 beki Juma Nyosso, wakati huo akiwa Mbeya City, alifungiwa na shirikisho la soka Tanzania (TFF) miaka 2 kwa kumdhalilisha kimwili mshambuliaji wa Azam uwanjani. Miaka 2 kwa kitendo cha sekunde moja, ambacho wengine walikuwa wakikiita utani wa mpira.

Sekunde za mwanzo

Ukichokozwa, mikono ishuke kwanza. Kuikunja nyuma ya mgongo ni sawa, na inaonekana vizuri kwenye picha. Kisha piga hatua 2 au 3 za pembeni, wala si za mbele, mpaka awe mbali kuliko urefu wa mkono. Usiguse paji lake la uso kwa lako. Ile ya kuwekeana vichwa kama beberu inaonekana ya kiume kwa nusu sekunde, halafu mmoja anajiangusha na mwingine anaoga mapema. Geuka uutazame mpira ulipo. Ukitaka kusema kitu, mwambie mwenzako wa karibu maneno ya kazi: "nani anakaba namba 8?" Kinywa chenye kazi hakina nafasi ya kujibu matusi.

Kumlalamikia mwamuzi wewe mwenyewe si njia. Mashindano mengi siku hizi yanatumia utaratibu wa nahodha peke yake kumsogelea mwamuzi, na anayekiuka anaonyeshwa njano. Basi mwambie nahodha, na umwambie kitu kinachoweza kutumika: "namba 5 ananishika jezi kila kona, mlingoti wa karibu." Nahodha akilipeleka hilo kabla ya kona inayofuata, mwamuzi atasimama upande huo na kutazama. Mchokozi aliyeonwa mara moja huacha, au anawapa penalti. Malalamiko ya "ref, huyu ananisumbua" hayampi mwamuzi chochote cha kutazama.

Wenzako wakigombana, mvute mwenzako, kamwe usimguse mpinzani. Watu wawili wanatosha kumtoa mmoja. Wa tatu na wa nne wanaokuja mbio kutoka upande wa pili wa uwanja, wakiwa hata hawajui kilichotokea, ndio huondoka na kadi za bure.

Ukifunga wewe

Furaha haikatazwi. Linaloangaliwa ni mahali unapokimbilia na mikono yako inasema nini. Sheria inataja njano kwa kuvua jezi au kujifunika nayo kichwa, kuvaa kinyago, kupanda uzio au kuwasogelea watazamaji kwa namna inayohatarisha usalama, na ishara za kuchokoza. Njano hiyo hubaki hata bao likikataliwa. Vincent Aboubakar wa Cameroon aliifunga Brazil dakika za nyongeza, Desemba 2, 2022, akavua jezi akijua ana njano tayari. Mwamuzi alimpa mkono kwanza, akatabasamu, kisha akamtoa. Kwa Aboubakar ilikuwa mechi ya mwisho ya kundi na bao la kihistoria. Kwako itakuwa mechi ya raundi ya 9 dhidi ya timu inayopigania kutoshuka, na kocha hatatabasamu.

Amua kabla ya mechi. Wakati wa kupasha misuli tazama mashabiki wenu wameketi upande gani na wa wapinzani upande gani. Ukifunga kwenye goli la upande walikoketi mashabiki wa wapinzani, geuka ukimbilie benchi lenu au kibendera cha kona kilicho karibu na watu wenu. Emmanuel Adebayor, Septemba 2009, alipoifungia Manchester City dhidi ya Arsenal aliyotoka, alikimbia urefu wote wa uwanja hadi mbele ya mashabiki wa Arsenal akapiga magoti. Viti vilirushwa. Alipata njano siku hiyo, kisha shirikisho la soka England (FA) likamtoza pauni 25,000 pamoja na adhabu ya mechi 2 iliyoahirishwa kwa masharti.

Ishara zinaangaliwa zaidi ya maneno kwa sababu kamera inazinasa. Granit Xhaka na Xherdan Shaqiri wa Uswisi walitozwa faranga 10,000 kila mmoja mwaka 2018 kwa kuonyesha tai wa vichwa viwili wa bendera ya Albania walipoifunga Serbia. Hawakumtukana mtu, walifanya umbo tu la mikono, lakini lilibeba siasa nzima ya Kosovo. Jude Bellingham alitozwa euro 30,000 kwenye Euro 2024 kwa ishara ya kushika sehemu za siri. Kwetu, kupitisha kidole kooni, kuonyesha idadi ya mabao mbele ya jukwaa la watani, na kushika nyeti ndizo za kuepuka bila mjadala. Kuweka kidole mdomoni kunyamazisha watu ni jambo la kupima: sekunde moja ukiwa unakimbia, waamuzi wengi hulipuuza, ukisimama nalo mbele ya jukwaa, umejiandikia njano.

Tambo zina wenyewe. Yanga walipoifunga Simba 5-1, Novemba 5, 2023, vidole vitano vilikuwa lugha ya mji mzima, kama vilivyokuwa kwa Simba baada ya 5-0 ya Mei 6, 2012. Hiyo ni haki ya shabiki, na ni kazi anayolipwa ofisa habari. Gor Mahia na AFC Leopards kule Nairobi wanaitana mashemeji na wanasimangana mwaka mzima. Mchezaji hana haja ya kuongezea. Wewe ndiye utakayekanyagwa kwenye mechi ya marudiano, wewe ndiye utakayekaa chumba kimoja na yule beki kambini Taifa Stars, na si ajabu msimu ujao ukavuka kutoka Jangwani kwa Yanga kwenda Msimbazi kwa Simba, au kinyume chake, ukakuta video yako ya vidole imekutangulia.

Kisichokuwa utani

Rangi, kabila, dini, ulemavu na marehemu wa mtu haviingii katika utani wa mpira. Kanuni za nidhamu za FIFA zinaweka adhabu ya chini ya mechi 10 kwa mchezaji anayembagua mwenzake kwa mambo ya namna hii, na kwa rangi na asili ya mtu hakuna "nilikuwa natania" inayopokelewa.

Ukifanyiwa wewe, usitoke uwanjani kwa hasira wala usijibu. Tangu Mei 2024 kuna ishara ya kumtaarifu mwamuzi: kupishanisha mikono kwenye vifundo vya mikono. Mwamuzi ataanza hatua tatu: kusimamisha mchezo, kuwapeleka wachezaji vyumbani kwa muda, na ikibidi kuvunja mechi. Kinachoangusha kesi nyingi ni ushahidi, neno lako dhidi ya lake. Kwa hiyo shika dakika kwenye ubao wa saa, mahali mlipokuwa mmesimama, maneno yenyewe kwa lugha iliyotumika bila kuyapunguza makali, na mwenzako aliyekuwa karibu. Meneja wa timu ayaandike mapumziko au mara baada ya mechi, na mwamuzi aombwe ayaingize kwenye taarifa yake. Yakiandikwa kesho yake hupungua nguvu.

Kwa mashabiki, uzio ni mpaka. Eric Cantona wa Manchester United aliruka kumpiga teke shabiki aliyemtukana, Januari 25, 1995, Selhurst Park. Alikosa soka hadi mwisho wa Septemba mwaka huo na mahakama ikampa saa 120 za kutumikia jamii. Mambo aliyoambiwa yalikuwa machafu, lakini hayakumwepusha na adhabu.

Penalti

Hapa ndipo kejeli ina faida inayopimika, na makipa wanaijua. Julai 2021, nusu fainali ya Copa América, uwanja ulikuwa mtupu kwa sababu ya korona na maikrofoni zikanasa kila neno la Emiliano Martínez, kipa wa Argentina, kwa wapigaji wa Colombia. Alizuia penalti 3. Mmoja wa waliokosa, Yerry Mina, alikuwa amecheza dansi baada ya kufunga penalti kwenye mechi iliyotangulia, hivyo Lionel Messi wa Argentina alimpigia kelele kutoka katikati ya uwanja, "cheza sasa!" Kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2022 Martínez aliutupa mpira pembeni ili Aurélien Tchouaméni wa Ufaransa aufuate, na Tchouaméni akapiga nje.

Mwaka uliofuata sheria ilikazwa: kipa haruhusiwi kumpoteza mpigaji isivyo haki, kwa mfano kuchelewesha pigo, au kugusa milingoti, mtambaapanya au wavu. Bado atajaribu. Ndiyo maana mwenzako (kwenye mikwaju awe kipa wenu) aende kuuchukua mpira, akae nao, na akukabidhi ukiwa umeshafika, ili kipa asipate cha kutupa. Uweke mwenyewe, rudi nyuma ukitazama mpira au wavu, macho yako yasikutane na yake. Filimbi ikilia hulazimiki kupiga papo hapo. Vuta pumzi moja nzima, kisha nenda. Kona uliyochagua ukiwa katikati ya uwanja usiibadilishe kwa sababu ya alichosema. Kupunguza mwendo unapokimbilia mpira kunaruhusiwa, ila ukishaufikia, kughairi mguu ni kosa: njano, na mpira wanapewa wao kwa pigo lisilo la moja kwa moja.

Ukifunga, usimrudie kipa. Mikwaju haijaisha, na mwenzako anayefuata ndiye atakayemkuta amechafukwa.

Madoido na mpira wa kurudisha

Tobo, kanzu na chenga si makosa, zinatafuta njia. Danadana mkiwa mbele 3-0 dakika ya 85 hazitafuti njia, na anayezifanya anakaribisha buti la kifundo. Brazil mwaka 2025 shirikisho liliagiza njano kwa anayesimama juu ya mpira kwa miguu yote miwili, baada ya Memphis Depay kufanya hivyo kwenye fainali ya Paulista, michuano ya jimbo la São Paulo.

Mazoea ya kurudisha mpira uliotolewa nje kwa ajili ya majeruhi hayamo kwenye sheria, lakini ukiyavunja utajulikana kwayo. Februari 1999 Nwankwo Kanu, katika mechi yake ya kwanza Arsenal, hakuelewa kwamba mpira wa kurusha ulikuwa unarudishwa kwa Sheffield United. Akaukimbilia, akampa Marc Overmars, akafunga. Arsène Wenger aliomba mechi irudiwe, ikarudiwa. Mgeni asiyejua aulize nahodha kabla mpira haujarushwa. Mwamuzi akisimamisha mwenyewe, mambo ni mepesi: tangu 2019 mpira wa kudondosha haugombewi, anapewa mtu mmoja na wengine wote wanakaa mita 4.

Baada ya filimbi

Mamlaka ya mwamuzi hayaishii kwenye filimbi ya mwisho. Robo fainali ya Kombe la Dunia ya Argentina na Uholanzi, Desemba 2022, Denzel Dumfries wa Uholanzi alipata nyekundu penalti zikiwa zimeshamalizika. Mpe mkono mpinzani wako wa karibu, mpe mwamuzi, ondoka. Kama mmeshindwa na damu inachemka, pita upande wa benchi lenu, na kwenye njia ya vyumba vya kubadilishia tembea nyuma ya kipa wenu au mtu mwingine mtulivu.

Mkishinda, hatari inahamia kwenye simu. Enzo Fernández wa Argentina aliomba radhi Julai 2024, na klabu yake ikafungua shauri la ndani, kwa wimbo wa kibaguzi ulioimbwa ndani ya basi na kurushwa mubashara kutoka simu yake. Chumbani huimbwa mengi. Anayewasha kamera ndiye jina lake linaloandikwa, hata kama sauti yake haisikiki. Timu nyingine huwa na kikapu cha simu mpaka basi lifike kambini. Kama yenu haina, iweke yako chini ya begi. Picha ya mechi itume kwa ofisa habari, naye aiweke yeye.